FEDHA NGENI KATIKA CHENJI

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo, nalo ni kukuta katika chenji sarafu isiyo ya nchi yetu.

Sisi tu wakazi wa upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Siku moja tulimtuma mtoto dukani kununua chumvi. Alipotuwekea chenji mkononi, tuliona sarafu yenye sura ya faru, tukadhani ni hamsini yetu, kwani nayo ina faru. Kumbe ilikuwa shilingi tano ya Kenya, ya namna ile iliyotolewa mwaka 2018. Ajabu yake ni kwamba, kwa hesabu ya mabadilishano ya siku hizi, sarafu hiyo yapita hamsini yetu kwa thamani. Lakini mwuza mkate aliikataa katakata. Mtoto akalia, akidhani kosa ni lake.

Basi na tuseme kweli. Fikira yetu ya kwanza ilikuwa kungoja giza, kisha kuichanganya na sarafu nyingine na kumpa mama auzaye mchicha njiani. Lakini tulijiuliza: je, yeye naye atampa nani?

Jambo hili si jipya katika nchi zetu. Wazee wa pwani walipokea reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780, kwa sababu wafanya biashara wa Uhabeshi na Arabuni waliizoea sura ile, wala hawakuamini nyingine. Kadhalika rupia za Bara Hindi zilienea pwani yote. Mwaka 1882 Seyyid Barghash wa Unguja alitoa pesa zake za shaba zenye picha ya mizani. Na mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Mombasa ikatoa pesa zake, nazo zina mizani pia. Wadachi nao walihesabu pesa 64 kwa rupia moja, hata mwaka 1904 wakageuza hesabu kuwa heller 100. Katika vita, mwaka 1916, walipiga sarafu za shaba huko Tabora katika karakana ya reli. Halafu ikaja florini mwaka 1920, na baada yake shilingi yenye picha ya simba.

Sarafu hizo zimekwisha kutoka sokoni, lakini hazikutoka vinywani. Tusemapo "pesa" twataja sarafu ya Bara Hindi. Tusemapo "hela" twataja heller ya Wadachi. Na thumuni, jina tulilopewa senti hamsini, ni neno la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, yaani ya reale. Wageni hao wamekuwa wenyeji wa lugha yetu.

Lakini sarafu iliyo mkononi ni jambo jingine. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina shilingi, na jina ni moja. Thamani sizo moja. Kwa hiyo yafaa tusome jina la nchi, wala tusitazame picha ya mnyama tu. Tuhesabu chenji kabla ya kuondoka mezani pa mwenye duka, na watoto tuwafundishe hivyo hivyo. Na ikiwa tumekwisha kuipokea, tumrudishie aliyetupa kwa maneno ya upole, maana huenda naye alidanganyika. Asipokubali, tuiweke mpaka apatikane msafiri aendaye kwao sarafu hiyo. Akiba haiozi.

Ile yetu tuliirudisha dukani siku ya pili. Mwenye duka aliitazama, akacheka, akatupa hamsini, akamwomba mtoto radhi. Kwaherini, wasikilizaji wetu.