Hisa Mia Moja au Hisa Moja? Tuelewe Fungu Kabla ya Kutoa Pesa

(Mazungumzo na kikundi cha akiba, Hewani)

Mliniomba tuzungumze habari ya hisa, maana baadhi yenu mmeanza kuambiwa mtie pesa huko, hata ng'ambo, kwa simu tu. Leo nitashika jambo moja: fungu.

Tuanze na maembe yetu. Lori likija hapa msimu wa maembe, mnunuzi hataki maembe saba, anataka magunia. Mwenye maembe saba atayapeleka barabarani Garsen auze kwa bei atakayopewa. Basi hisa nazo zilikuwa hivyo. Katika Soko la Hisa la Nairobi, fungu lilikuwa hisa 100. Kama hisa moja ni shilingi 20, uwe na 2,000. Ikiwa ni shilingi 300, uwe na 30,000, na bado ada ya dalali. Mkulima wa mpunga atazitoa wapi kwa mara moja?

Aliyekuwa na hisa pungufu, tuseme 37 alizoachiwa na babake, aliziuza pembeni, mbali na soko kubwa. Huko wanunuzi walikuwa wachache na bei mara nyingi ya chini. Wengi walichoka, wakaziacha zilale.

Agosti 2025 soko hilo liliondoa sharti la 100. Sasa waweza kununua au kuuza hata hisa moja. Kwa hiyo mama uliye na makaratasi ya hisa za marehemu, usiyawashie moto jikoni! Maliza mambo ya mirathi, kisha umwone dalali.

Lakini kampuni inapouza hisa zake kwa umma mara ya kwanza, yenyewe hutangaza kiasi cha chini. Safaricom mwaka 2008 iliuza hisa kwa shilingi 5, na watu wakasema ni rahisi. Kumbe ilikuwa lazima uombe hisa 2,000, yaani shilingi 10,000.

Ng'ambo kila soko lina desturi yake. Tokyo, tangu Oktoba 2018, fungu ni hisa 100 kwa kampuni zote. Hong Kong, kwa miaka mingi kila kampuni imejipangia: hii 100, ile 500, nyingine 1,000. Marekani 100 ni kipimo cha kawaida kwa hisa nyingi, ila hata moja yauzwa. Ukiona bei ya hisa moja, usidhani ndiyo pesa utakayotoa. Uliza fungu ni ngapi.

Linalonitia wasiwasi hasa ni yule anayepita nyumba kwa nyumba akisema, "Nipeni elfu moja moja tufikishe mia." Hisa zitaandikwa jina la nani? Zikiandikwa lake, ni zake, na nyinyi mna ahadi ya mdomo tu. Zamani alikuwa na kisingizio, leo hana. Mkitaka kununua pamoja, akaunti ifunguliwe kwa jina la kikundi, kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Na muulizeni ada yake ya chini ni kiasi gani. Ukinunua hisa moja ya shilingi 20 naye akakata 50, umelipa nauli kubwa kuliko mzigo.