Kupimwa Si Kutibiwa



Nimetakiwa niseme machache juu ya afya ya wanafunzi wa zama zilizopita. Kwa kuwa nimeitumikia halmashauri moja hapa Uingereza hadi kustaafu, nitaanzia hapa tulipo, kisha nitarejea kwetu Unguja.

Katika Vita vya Makaburu kule Afrika ya Kusini, 1899 hadi 1902, Waingereza walishtuka kuona vijana wao wengi waliojitolea wakikataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili. Kamati ikaundwa, ikatoa taarifa yake mwaka 1904. Sheria ya 1906 ikaziruhusu halmashauri kuwalisha wanafunzi wenye njaa. Ile ya 1907 ikazilazimisha kuwapima afya. Mwaka huohuo, mjini Bradford, daktari wa shule Ralph Crowley aliwapima uzito watoto waliokuwa wakilishwa shuleni. Wakaongezeka, ilipoingia likizo, chakula kikasita, wakapungua.

Mizani ilisema kweli. Lakini zingatieni: kupima kulikuwa lazima, kutibu kulikuwa hiari. Wengi waliandikiwa maradhi yao kwenye kadi, wakarudi nayo nyumbani.

Nami ninayo kadi yangu moyoni. Mwaka 1970, nikiwa na umri wa miaka 11, daktari alikuja shuleni kwetu. Tulipangwa mstari, tukatazamwa macho, meno na ngozi, na kila mmoja akatakiwa atoe mkojo. Siku zile sisi wavulana tulidhani mkojo wa damu ni dalili ya kubaleghe, tena tukijisifia. Mdogo wangu akakutwa na kichocho. Nikapewa barua nimpelekee bibi, ambaye ndiye aliyetulea.

Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu, na barua ile iliandikwa kwa herufi za Kizungu. Akaniuliza, "Wanasemaje, mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Wanasema hatujambo, bibi." Nilichelea tusije tukakatazwa kuogelea bwawani, na kumbe ni bwawa hilohilo lililomtia maradhi.

Ilipita miaka 3 ndipo alipotibiwa, na kibofu chake hakikurejea kama kilivyokuwa. Ami yenu huyo yumo ukumbini humu. Alinisamehe zamani, na ni yeye aliyeniruhusu niyaseme haya.

Wazazi wenzangu, tangu mwaka wa masomo 2005/06, shule za England huwapima watoto urefu na uzito wakiwa na miaka 4 au 5, na tena wakiwa na miaka 10 au 11. Aghalabu majibu huletwa nyumbani kwa barua. Najua wapo miongoni mwetu wanaoziona barua hizo kuwa ni matusi, wakazitupa. Msizitupe. Zisomeni, kisha mwende kwa daktari. Na nyinyi vijana, bibi yenu asiyejua Kiingereza akiwauliza barua inasemaje, msomeeni neno kwa neno.