Volti za Soketi Zikienda Kombo

Stima ya nyumbani hapa Kenya inafaa kuwa karibu volti 240. Fundi akipima soketi yako akapata 150, au 300, asikimbilie kubadilisha soketi. Soketi haina uwezo wa kuongeza volti.

Apime mara tatu: laivu na nyutro, laivu na athi, halafu nyutro na athi. Kipimo cha mwisho, mradi athi iwe nzima, kinafaa kukaribia sufuri. Kikiwa juu, shuku nyutro iliyolegea au kukatika. Nyutro ikikatika upande wa nguzo, nyumba moja taa hufifia na kwa jirani zinawaka kupita kiasi, kwani volti zinaweza kupanda kuelekea 400. Friji na televisheni haziponi hapo. Ukiona dalili hiyo, hata usiku wa manane, zima swichi kuu kwanza, ndipo upigie Kenya Power. Usiguse mita wala nyaya za nguzoni, tafadhali.

Kuna pia kipimo cha uongo: multimita ya dijitali huweza kuonyesha volti 60 au 90 kwenye waya uliokatika, kwa kuwa umepita kando ya waya wenye stima. Fundi aunganishe balbu. Volti hizo zitatoweka.

Volti za soketi zikishuka jioni tu, wakati kila mtu anapika, huenda laini ni ndefu mno kutoka kwa transfoma. Kwa vipimo hivi vyote, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na umwombe akuonyeshe hiyo leseni.