Niko Kazini: Siku ya Dalali wa Mtandaoni

(Hotuba ya ofisi ya miradi kwa wazazi na vijana, semina ya ujasiriamali ya dayosisi)



Tumeombwa na kamati tuzungumzie kazi ambayo wazazi wengi mnaiona kwa nje tu. Kijana ameinamia simu tangu asubuhi, na akiulizwa anafanya nini anajibu, "Niko kazini." Wapo mnaodhani ni uvivu. Wapo pia mnaodhani ni utajiri wa haraka, nanyi mmeshaanza kuulizia kiingilio. Pande zote mbili tunaomba mtusikilize.

Kazi yenyewe ni udalali. Dalali wa ng'ombe mnamjua: mali si yake, anakutanisha muuzaji na mnunuzi, kisha anapewa chake. Huyu wa mtandaoni hupewa na duka anwani yenye alama yake. Anaandika habari za bidhaa, na msomaji akiingia dukani kupitia anwani ile akanunua, dalali anapata kamisheni. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianzisha mpango wake wa namna hii mwaka 1996. Kujiunga nao ni bure, na hilo tutalirudia.

Siku ya kazi huanza kwa kuangalia. Wangapi wamesoma? Wangapi wamebonyeza? Nani amenunua? Siku nyingi jibu la swali la mwisho ni sifuri. Kisha anaandika, anapiga picha, analinganisha bei, anajibu maswali ya watu ambao hawatanunua. Bando likiisha anakopa jingine. Umeme ukikatika, ndiyo basi mpaka kesho.

Mwaka jana tulikaa na baadhi yao ofisini kwetu tukapiga hesabu ubaoni. Tulichukua kiti cha dola 50. Kwa kamisheni ya asilimia 3, dalali anapata dola 1 na senti 50. Mpaka Aprili 2020 Amazon ilikuwa ikilipa asilimia 8 kwa samani, yaani dola 4 kwa kiti hicho hicho. Ikapunguza, na hakuna dalali aliyeulizwa. Mnunuzi akirudisha kiti, kamisheni nayo inafutwa. Msomaji akibonyeza leo asiweke kitu kikapuni, halafu akarudi mwenyewe kesho kutwa kununua, dalali hana chake, kwa sababu muda wake ni saa 24 tu. Mauzo ya Januari hulipwa karibu na mwisho wa Machi. Tena mgeni asiyefikisha mauzo 3 katika siku 180 huondolewa.

Hapo binti mmoja akaomba chaki. Alikuwa na daftari. Upande wa pili wa ubao akaandika fedha za bando za miezi mitatu, wiki kwa wiki. Zilizidi kamisheni yake yote.

Ndugu zangu, tuliona aibu. Binti huyo tulikuwa tumemsimamisha mbele ya wafadhili kama mfano wa kujiajiri. Katika taarifa yetu, kwenye safu ya "vijana waliojiajiri", alihesabiwa. Hatukuwahi kumwuliza anabakiwa na kiasi gani. Safu hiyo tumeibadilisha. Sasa tunaandika fedha inayobaki baada ya gharama, hata ikiwa ni pungufu ya sifuri.

Yeye hakuacha. Mchana anashona nguo za watu, jioni anaandika kuhusu vyerehani, kitu anachokijua kwa mikono yake. Hao ndio tunaoona wanadumu: wenye kazi nyingine, na wanaoandika juu ya kitu walichokishika. Tena anawaambia wasomaji wazi kwamba wakinunua, yeye hulipwa. Marekani sheria inadai hivyo. Sisi tunaona jirani yako anastahili kuambiwa hata pasipo sheria.

Sasa turudi kwenye kiingilio. Mzazi mmoja aliuza mbuzi wawili ili mwanawe "anunue nafasi" katika biashara aliyoambiwa ni hii hii. Hapakuwa na bidhaa. Kijana alitakiwa kuleta watu, nao walete watu. Ule ni upatu, na sheria ya Tanzania inaukataza. Mbuzi hawakurudi, na kijana alikuwa ameshaingiza wenzake wanne wa kwaya. Mpaka leo hawaketi benchi moja.

Kwa hiyo, mzazi, ukiombwa fedha ya kujiunga, uliza kwanza: ni bidhaa gani inauzwa, na nani anainunua? Ukijibiwa kwa majina ya watu waliotajirika, njoo ofisini kabla hujaenda mnadani.

Vijana mliomo tayari katika kazi hii, tutakaa nanyi baada ya chakula cha mchana katika chumba cha kompyuta. Njooni na madaftari. Asiye na daftari atapewa, aanze na bando la leo.