Mikanda ya Bomba Letu: Kazi ya Kuihamishia Kwenye Kompyuta
(Hotuba ya Kamati Ndogo ya Kumbukumbu kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka jana mlitukabidhi mfuko wa sandarusi wenye mikanda 31 ya video, mkatuagiza tuitie yote kwenye kompyuta kabla haijaharibika. Tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Imetuchukua miezi saba. Leo tumekuja kueleza kwa nini, tumepata nini, tumepoteza nini, na tunaomba nini.

Tuanze na sababu. Bomba linaloshusha maji kutoka chanzo hadi vitongojini lilichimbwa kwa msaragambo. Waliojua kila kona yake ni wazee wale, na wengi wao tumekwisha kuwazika. Ramani ya karatasi iliyokuwa inatunzwa kijijini ililiwa na mchwa. Leo fundi akitafuta valvu anachimba kwa kubahatisha, leo kwenye migomba ya huyu, kesho kwenye maharage ya yule. Kumbe siku zile za kuchimba kulikuwa na kijana mmoja na kamera yake begani. Ramani yetu ya pekee iliyobaki imo ndani ya mikanda hiyo.

Ndugu wanachama, jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mikanda si ya aina moja. Tulitenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni Video8 na Hi8, mikanda ya zamani ambayo picha yake ni ya analojia. Fungu la pili ni MiniDV, mikanda midogo iliyoanza kuuzwa mwaka 1995, ambayo picha yake tayari ni ya kidijitali. Kila fungu lina kamera yake na waya wake. Kabla ya yote, tulisogeza kile kitufe kidogo cha kila mkanda upande wa kuzuia kufuta, ili mkono ukikosea usirekodi juu ya wazee wetu.

Kamera ya kwanza tuliyoazimwa ilikuja na basi la usiku lenye kiyoyozi. Tulipoiwasha tu, ikaonyesha alama ya unyevu na kukataa kupokea mkanda. Haikuwa mbovu. Kitu kilichotoka kwenye baridi kikiingia kwenye joto la Dar es Salaam hutokwa jasho, na mkanda ukigusa chuma chenye maji hunata na kukatika. Tuliacha mlango wa mkanda wazi, tukanywa chai, tukasubiri alama ipotee. Tangu siku hiyo kamera ikisafiri hukaa kwanza ndani ya begi lake mpaka izoee joto la chumba.

Kwa mikanda ya MiniDV tulihangaika na waya. Kamera ilikuwa na tundu la USB, tukaunganisha, kompyuta ikatoa picha chache za mnato tu. Kwenye kamera nyingi za aina ile, tundu la USB ni la picha za mnato. Video yenyewe hutoka kwenye tundu jingine dogo linaloitwa FireWire. Dukani tukauziwa kipande cha kugeuza FireWire kuwa USB. Tunawaambia wazi ili msipoteze hela kama sisi: kipande kile cha bei rahisi hakifanyi kazi, kwa sababu lugha za matundu hayo mawili ni tofauti. Dawa ilikuwa kompyuta ya zamani ya mezani iliyofungwa kadi ya FireWire. Mwanachama mmoja alikuwa nayo stoo, akaitoa bure.

Picha zikaanza kuingia, tukafurahi. Lakini kila ikikaribia dakika ya 20, kazi inakatika. Tukalaumu waya, tukalaumu kamera, tukalaumu umeme. Kosa lilikuwa kwenye diski ya nje. Ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4, na video ya MiniDV hula karibu gigabaiti 13 kwa saa. Tulihamisha kwanza vilivyokuwemo, maana kupanga diski upya hufuta kila kitu, kisha tukaipanga kwa mfumo wa NTFS. Tangu hapo mkanda wa saa moja umeingia wote bila kukatika. Na fahamuni kwamba hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa moja huchukua saa moja kuingia, na mtu lazima akae pale aangalie.

Baadaye picha ikawa inapasuka vijisanduku vijisanduku. Hiyo ni dalili kwamba kichwa kinachosoma mkanda kimechafuka. Tulitumia mkanda maalumu wa kusafishia, sekunde chache tu, kisha picha ikatulia. Vijana, msithubutu kusugua kichwa hicho kwa pamba ya masikio. Nyuzi zake hunasa, na kichwa kikivunjika kamera imekwisha.

Kwa Hi8 tulinunua kifaa kidogo cha kunasa picha kupitia USB. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, na inapanda juu kama pazia. Tulidhani mikanda imekufa. Tatizo lilikuwa mpangilio wa programu: ilikuwa imewekwa NTSC, mfumo wa Marekani, wakati kamera za kwetu ni za PAL. Tukabadilisha, rangi zikarudi. Siku nyingine picha haikutoka kabisa, kukawa na mlio tu. Tulikuwa tumetumia waya wa kamera nyingine. Ncha zake zinafanana, lakini mpangilio wa ndani ni tofauti, na picha tuliikuta kwenye plagi nyekundu badala ya ya njano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme tulichopoteza, maana hesabu ya kweli husomwa yote.

Mikanda mitano ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Kule kwetu mawingu hulala ndani ya nyumba, na mikanda ilikaa miaka mingi kwenye sanduku chini ya kitanda. Mmoja tuliutia kwenye kamera kwa haraka bila kuukagua kwa tochi. Ulinata, ukakatika, ukaliwa. Ule unga ukabaki ndani ya kamera na kuharibu kipande cha mkanda uliofuata. Mkanda uliokatika uliandikwa kwa kalamu kwamba ni siku mzee wetu mmoja alipotoa kiwanja chake kwa ajili ya tangi. Watoto na wajukuu zake wamo humu ukumbini. Tulikwenda kwao kuwaambia kabla ya mkutano huu, na leo tunarudia mbele yenu: tunaomba radhi. Vipande vyote tumevihifadhi. Ile minne mingine hatujaigusa, na hatutaigusa mpaka apatikane mtaalamu wa kuisafisha.

Na sasa tulichopata. Mikanda 24 imeingia salama. Katika mmoja, babu mmoja anatembea na fimbo kutoka chanzo, anapita kando ya ndiva ya zamani, na kila penye valvu anasimama, anaigonga ardhi, anahesabu hatua kutoka kwenye jiwe au mti. Tuliandika hesabu zake zote tukawapigia simu nyumbani. Wakachimba mahali watatu ambapo fundi alikuwa amekata tamaa. Valvu zote tatu zilikuwepo, futi mbili chini ya udongo. Kitongoji cha juu kilichokaa bila maji tangu masika kimepata maji. Mama mmoja alitupigia simu, hakusema neno, akatusikilizisha bomba linavyotiririka kwenye ndoo.

Ndugu wanachama, mikanda miwili iliyobaki ilipigwa na ndugu yetu aliyekuja kutoka Marekani, nayo ni ya NTSC. Kamera zetu haziisomi. Kwa hiyo maombi yetu ni manne. Kwanza, mwenye ndugu kule mwenye kamera ya zamani ya Hi8, hata iliyotupwa, atuunganishe. Pili, tunahitaji diski mbili zaidi, ili moja ikae hapa mjini, moja shuleni kwetu nyumbani, na moja kwa Katibu, maana nakala moja si nakala. Tatu, tuchangie gharama ya kusafisha mikanda minne yenye ukungu. Nne, ukifika nyumbani leo, angalia chini ya kitanda na juu ya kabati. Ukikuta mkanda, usiuchezeshe. Uweke pakavu, utuletee.

Fomu ya ahadi imo mwishoni mwa kijitabu hiki. Wazee wetu walitoa jasho lao, na sauti zao zimeanza kurudi. Tusiache zilizobaki zioze kwa kukosa bei ya diski.