Mpira Unaita, Malezi Yanajenga

Ni kwako, mlezi wa vijana kanisani.

Jioni imefika kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu: Mwakitolyo, Nyarugusu, Mgusu. Vijana wanatoka shuleni, wengine wanatoka maduarani kuchimba na mialoni kuosha dhahabu. Weka mpira uwanjani, watakuja. Lakini mpira unaita tu. Malezi ndiyo yanayojenga imani.

Ufanye nini?

Kwanza, panga siku moja ya mazoezi kila wiki. Usiibadilishe. Mabinti nao wapate zamu yao.

Pili, kabla ya kutawanyika, kaeni chini dakika 10. Mtume Paulo alifananisha safari ya imani na mashindano ya mbio. Ni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 9. Anzeni hapo. Waache vijana waulize.

Tatu, mwamuzi akipuliza filimbi, wewe kocha, tii. Usimtukane. Kijana hujifunza kwa kuona.

Nne, omba ridhaa ya wazazi. Wasimamizi wawe watu wazima wawili, si mmoja. Na asiyesali kwenu acheze pia, bila kulazimishwa.

Nasema tena: mpira unaita, malezi yanajenga. Jumamosi hii, anza. Mpira mmoja, dakika 10.