Picha ya Adele na Mtoto wa Dada Yake

Habari yako wewe uliyeketi karibu na redio, na wewe unayesikiliza kwenye simu ya jirani huku ndoo yako ikisubiri zamu bombani.

Leo nakuletea habari ya picha moja ya kuchora. Usizime kwanza. Najua unajiuliza: picha ya Mzungu wa zamani inanihusu nini mimi mwenye kadi ya mgao ya watu saba? Nivumilie kidogo, utaona inakohusu.

Picha hiyo ni ya mwanamke kijana anayeitwa Adele Bloch-Bauer, wa mji wa Vienna, nchini Austria. Aliyeichora ni Gustav Klimt. Aliimaliza mwaka 1907, Adele akiwa na umri wa miaka 25 hivi. Ni mraba kamili, karibu mita moja na nusu kila upande. Uso, mabega na mikono vimechorwa kama mtu halisi, lakini gauni, kiti na ukuta vyote vimezama ndani ya dhahabu. Dhahabu ya kweli, si rangi ya njano. Baba yake Klimt alikuwa fundi wa kuchonga nakshi kwenye dhahabu, na ukiitazama kazi ya mwanawe unaona mtoto alikulia wapi. Adele mwenyewe hatabasamu. Anakutazama kama mtu aliyeulizwa swali, na bado anafikiri kama akujibu.

Mume wake, Ferdinand, alikuwa tajiri wa viwanda vya sukari. Yeye ndiye aliyeagiza picha ichorwe, na yeye ndiye aliyelipa. Shika neno hilo, tutalirudia.

Mwaka 1923 Adele aliandika wasia. Humo alimwomba mumewe kwamba naye atakapofariki, aliachie jumba la sanaa la taifa la Austria michoro yao ya Klimt. Mwaka 1925 Adele akafa kwa homa ya uti wa mgongo, miaka 43 tu. Hakuacha mtoto.

Machi 1938 jeshi la Hitler likaingia Austria. Ferdinand alikuwa Myahudi, akakimbia. Alikwenda kwanza Chekoslovakia, kisha Uswisi. Nyumba, kiwanda, michoro, vyote vikabaki nyuma, vikachukuliwa. Mwaka 1941 picha ya Adele ikapelekwa kwenye lile jumba la sanaa na mwanasheria wa upande wa Hitler. Na hapa kuna jambo linaloniuma kuliko wizi wenyewe: walipoionyesha kwa watu, walimwita tu mwanamke wa dhahabu. Jina lake, jina la Kiyahudi, halikutajwa. Walitaka uso wake bila yeye.

Sasa nikujulishe kwa Maria. Mama yake Maria na Adele ni ndugu wa tumbo moja, na Adele alikuwa kitinda mimba. Kwa hesabu yetu sisi, Adele ni mama yake mdogo na Ferdinand ni baba yake mdogo. Maria aliolewa Desemba 1937. Zawadi ya harusi kutoka kwa baba mdogo ilikuwa mkufu wa almasi uliokuwa wa Adele. Hakukaa nao. Maria mwenyewe alisimulia kwamba polisi wa Hitler walimnyang'anya. Mumewe, Fritz, akatiwa ndani Dachau ili kaka yake alazimike kutoa kiwanda chake cha nguo. Dachau nayo inaitwa kambi, lakini usiifananishe na hii yetu. Ile ilikuwa ya mateso.

Fritz alipotolewa, wawili hao walitoroka. Walivuka mpaka wa Uholanzi usiku, wakipita penye seng'enge, mkulima mmoja akiwaonyesha njia. Sidhani nahitaji kukueleza usiku wa namna hiyo. Wakafika Uingereza, kisha Marekani, na mwishowe California, ambako Maria aliuza sweta na nguo ili watoto wale.

Ferdinand alifariki Zurich, Novemba 1945, vita vimekwisha lakini hajarudishiwa picha ile. Katika wasia wake wa mwisho aliwaachia mali yake watoto wa ndugu yake, Maria akiwemo. Familia ikaanza kudai. Serikali mpya ya Austria ikasema: baadhi ya vitu vyenu tutawaruhusu mvitoe nje ya nchi, mradi mkubali michoro ya Klimt ibaki. Mwaka 1948 mwanasheria wao akakubali. Ungefanya nini wewe? Ukiwa ugenini, mfukoni hamna kitu, na mtu anakuambia saini hapa upate nusu?

Miaka 50 ikapita hivyo. Kila aliyeuliza aliambiwa Adele aliitoa picha kwa hiari yake. Mwaka 1998 Austria ikapitisha sheria ya kurudisha michoro iliyoporwa, na mwandishi wa habari Hubertus Czernin akaingia kwenye makabati ya nyaraka. Karatasi zilikuwepo. Zilikuwa zimetunzwa na wale wale waliosema hakuna madai.

Rudi sasa kwenye wasia. Adele aliomba. Kuomba si kugawa. Na huwezi kugawa kisicho chako: picha ilikuwa mali ya Ferdinand, aliyeagiza na kulipa, na Ferdinand alikuwa hai wakati ilipochukuliwa. Kesi nzima ilisimama juu ya neno hilo moja.

Maria alitaka kushtaki Austria, lakini ada ya mahakama ya huko ilihesabiwa kwa thamani ya michoro, na hakuimudu. Akashtaki Marekani, akiwa na miaka zaidi ya 80. Mwanasheria wake, Randol Schoenberg, alikuwa kijana ambaye babu zake nao walikuwa watu wa Vienna, wakamkimbia Hitler. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba anaweza kuishtaki Austria huko. Haikusema picha ni ya nani. Hilo liliachiwa waamuzi watatu wa Austria, na Januari 2006 wakasema: michoro mitano irudishwe kwa warithi.

Mwaka huo huo picha iliuzwa dola milioni 135 kwa jumba la sanaa la New York linaloitwa Neue Galerie, na mpaka leo iko hapo. Wako waliomlaumu Maria kwa kuuza. Mimi simlaumu. Warithi walikuwa kadhaa, naye alikuwa na miaka 90. Alifariki mwaka 2011.

Sitakudanganya kwamba kesho utarudishiwa parseli yako au ng'ombe wa baba yako. Maria alikuwa na mwanasheria, na picha ya kila mtu kuijua. Wengi wetu tulitoka na watoto mgongoni tu. Ila angalia alichouliza mwamuzi: nani alinunua, nani aliandika, lini, na nani alikuwa shahidi. Mzee wako bado anakumbuka mpaka wa shamba uliishia kwenye mti gani, na jirani wa upande ule aliitwa nani. Mwulize wiki hii, uandike kwenye daftari, utie tarehe, na mashahidi watie saini.

Kama una swali kuhusu mirathi au hati ulizoacha, liandike umpe mwakilishi wa kanda yako kabla ya Alhamisi. Nitalileta hapa Jumamosi, jina lako nikilificha ukitaka. Usiku mwema.